Kimanda cha Hoteli si Kipimo cha Mji

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Desemba, stesheni ya Spånga huwa bado imo gizani, na itabaki gizani kwa muda mrefu, kwani jua la Stockholm katika mwezi huo halichomozi mpaka karibu saa tatu kasorobo. Hata hivyo jukwaa la treni halikosi watu. Wamo madereva, wamo wauguzi, wamo wasafisha ofisi. Na wamo wale waendao kufungua majiko ya hoteli za katikati ya jiji, mwendo wa kama robo saa kwa treni, ili ifikapo saa moja meza ziwe zimekwisha kupangwa, mikate imekatwa, kahawa iko tayari, na mayai yamo kwenye trei yakifuka mvuke. Saa mbili msafiri hushuka kutoka chumbani kwake, akachukua sahani, akaonja mayai, kisha akatoa hukumu.

Hukumu hiyo ndiyo inayostahili kushtakiwa. Si kosa mtu kula yai, wala si kosa kulifurahia. Kosa ni ile desturi iliyozoeleka miongoni mwa wasafiri wenye nafasi, na iliyokwisha kupenya katika masimulizi ya safari ya Kiswahili, ya kuipima miji kwa omleti za hoteli zake. Msafiri hulala usiku mmoja Addis Ababa, mmoja Dubai, mmoja Stockholm. Kila asubuhi huagiza omleti. Kila omleti huipa alama. Na mwisho wa safari huwasomea wenzake orodha ya alama hizo kana kwamba ni maarifa ya dunia. Mji uliompa omleti laini yenye jibini huitwa mji wa waungwana. Mji uliompa omleti iliyobabuka huitwa mji usiojua huduma. Na mji ambao haukumpa omleti kabisa, kama ifanyavyo Stockholm katika hoteli zake nyingi, huandikwa kuwa mji baridi, wa watu wasiojali wageni.

Hoja ya wapimaji hawa ina nguvu zake, na ni haki ielezwe kabla ya kujibiwa. Wao husema kwamba yai ni yai popote, kwa hiyo tofauti ya omleti na omleti haiwezi kuwa tofauti ya vitu, bali ni tofauti ya mikono. Husema kwamba omleti hupikwa kwa dakika chache, haina mchuzi wa kuficha makosa, na mpishi asiyeuelewa moto huumbuka hapo hapo. Husema pia kwamba katika staftahi ya hoteli kila kitu kingine kimeandaliwa nyuma ya ukuta, ilhali omleti hupikwa mbele ya mlaji na mtu anayeonekana, anayeuliza, “Nikuwekee nini?” Haya yote ni kweli. Lakini yanathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba omleti yaweza kuwa kipimo cha mpishi. Kutoka kwa mpishi mpaka kwa mji ni mbali, na wapimaji huikata safari hiyo kwa hatua moja, bila kuangalia walichokiruka.

Walichokiruka kwanza ni asili ya kipimo chenyewe. Omleti wanayoitafuta ni ya Kifaransa: ya manjano tupu, isiyo na doa la kahawia, iliyokunjwa kama barua, na ndani yake laini karibu na kutiririka. Auguste Escoffier, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1903, aliieleza kuwa kwa hakika ni mayai ya kuvuruga yaliyozungukwa na ngozi nyembamba ya yai lililoganda. Ni chakula kizuri. Lakini mapishi ya mwambao hayakuwahi kuomba kufanana nacho. Kamusi za Kiswahili zina neno kimanda, na anayelijua neno hilo anajua linachobeba: mayai yaliyopigwa pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili, yakamiminwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, yakageuzwa upande wa pili, yakaachwa mpaka katikati pamekauka na kingo zimeshika rangi ya kahawia. Ile kahawia si ajali. Ndimo mlimo harufu. Msafiri aliyekula kimanda utotoni mwake Tanga au Malindi, naye akaketi katika hoteli ya Unguja na kuandika kwamba omleti “imeungua”, hajamkosoa mpishi. Amekanusha jiko la nyumbani kwao kwa kipimo alichokiazima ugenini, na hata hakumbuki kwamba amekiazima.

Tena ulaini anaousifu hauna uhusiano mkubwa na ufundi wa mkono kama anavyodhani. Una historia, na sehemu ya historia hiyo ilitokea Sweden yenyewe. Mwaka 1953 nyama kutoka machinjio ya mji wa Alvesta ilieneza salmonella. Watu karibu 9,000 waliugua na takriban 90 wakafa. Msiba huo ndio uliolisukuma taifa hilo kujenga udhibiti mkali wa mifugo na kuku: makundi ya kuku hupimwa, na kundi lililoambukizwa huangamizwa. Sweden ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995 ilidai, na ikapewa, masharti maalumu ya kuulinda udhibiti huo dhidi ya bidhaa za nje. Hata hivyo haikupata kinga ya milele. Mwaka 2023 maambukizi yalipogunduliwa kwa mzalishaji mkubwa wa mayai, mayai yaliondolewa madukani na kuku wengi mno wakauawa. Basi kiini kinachotiririka katika sahani ya Stockholm kimetayarishwa na madaktari wa mifugo, maabara na kodi ya wananchi kabla hakijafika kwenye kikaango cha mtu yeyote. Mahali ambapo mayai hukaa juani kwenye trei za karatasi, na hakuna anayelipima kundi la kuku yalikotoka, mama anayekikausha kimanda chake anawalinda wateja wake kwa chombo pekee alichonacho, yaani moto. Kumnyima alama kwa ajili ya moto huo ni kumwadhibu kwa maabara ambayo serikali yake haijaijenga.

Walichokiruka pili kimo ndani ya neno hoteli. Kwa Wazungu walioleta neno hilo, hoteli ni mahali pa kulala. Kiswahili kililipokea kikalipa kazi nyingine: kwa watu wengi wa Kenya na Tanzania hoteli ni mahali pa kula, hata kama ni benchi mbili, meza moja, birika la chai na ubao ulioandikwa kwa chaki. Mtu akisema “Twende hotelini tukanywe chai,” hakuna anayedhani kwamba amealikwa kitandani. Maana hii si kosa la wasiosoma. Imetokana na watu waliojua kwamba ugeni hukamilika kwa chakula, na kwamba kitanda mtu aweza kukipata kwa ndugu. Katika hoteli za maana hiyo ndimo mayai ya Afrika Mashariki yalimofanya makuu yake: chipsi mayai za Dar es Salaam, ambazo vijana huziita zege, viazi vikishikamana na yai mpaka vinakatwa kama keki, mkate mayai wa Mombasa, chapati nyembamba iliyofunga nyama ya kusaga na yai, kile kinachouzwa usiku Forodhani kwa jina la piza ya Zanzibar, ambacho hakina hata chembe ya Italia, na roleksi ya Kampala, chapati iliyoviringishiwa mayai na kabichi, iliyojipatia umaarufu pale Wandegeya, jirani na wanafunzi wa Makerere. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho katika orodha ya mpimaji, kwa sababu yeye anaijua hoteli ya maana moja tu. Amekwenda Kampala akaonja omleti isiyo ya Kampala, na kwa omleti hiyo akaihukumu Kampala.

Sasa arudi Spånga, mahali ambapo mpimaji hafiki kabisa. Reli ilipita hapo mwaka 1876. Kanisa la mawe la parokia, ambalo sehemu zake za zamani ni za karne ya 12, limesimama hapo tangu kabla Stockholm haijawa mji. Mwaka 1949 Spånga iliingizwa katika mipaka ya jiji. Kisha ukaja mpango wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja katika miaka kumi, 1965 hadi 1974, na katika mashamba ya kaskazini yakainuka majengo ya Tensta, ambayo mpaka leo barua za wakazi wake huandikwa anwani ya Spånga. Waliohamia humo, na watoto wao, wametoka pande nyingi za dunia. Wasomali ni wengi, na wamo watu wa Afrika Mashariki na Kongo ambao Kiswahili ni lugha yao ya sokoni, ya kanisani au ya nyumbani. Asubuhi ya Jumamosi katika vyumba hivyo mayai hukaangwa kwa kitunguu na pilipili na kuliwa kwa canjeero, kwa chapati, au kwa mkate wa dukani. Upande wa pili wa reli, katika nyumba za bustani, Wasweden huchemsha yai, hulikata nusu, na kulipaka uji wa chumvi wa mayai ya samaki kutoka katika mrija wa buluu uitwao Kalles, uliopo madukani tangu 1954. Hakuna omleti katika picha yoyote kati ya hizi mbili. Mwenye kutaka kuijua Stockholm kwa mayai yake angeanzia hapa, na angeanza kwa kuiweka omleti kando.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la tatu, kwa kuwa linahusu riziki za watu. Mpimaji huuliza kwa nini hoteli ya pwani ya Unguja ina mpishi aliyevaa kofia ndefu, anayesimama asubuhi nzima nyuma ya kikaango akimsubiri mgeni mmoja mmoja, ilhali hoteli ya Stockholm yenye bei kubwa zaidi ina trei ya mayai ya kuvuruga na kijiko. Naye hujijibu haraka: kule kuna ukarimu, huku hakuna. Jawabu hilo ni la uongo, na uongo wake una faida kwa mwenye kulitoa. Sweden haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Mishahara ya wafanyakazi wa hoteli na mikahawa hupatanwa kati ya chama chao, Hotell- och restaurangfacket, na waajiri, na hupatanwa upya kila mkataba unapokwisha. Kwa hiyo saa moja ya mtu aliyesimama tu akisubiri kuulizwa omleti ni saa yenye bei, na mwenye hoteli huipigia hesabu, akaona trei inamtosha. Huko pwani saa hiyo ni rahisi. Bei ya chumba cha kifahari kwa usiku mmoja yaweza kuzidi kima cha chini cha mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayekipika kifungua kinywa cha mwenye chumba. Mpishi amesimama pale kwa sababu kumsimamisha hakumgharimu mwajiri kitu kikubwa. Tabasamu lake laweza kuwa la kweli, na mara nyingi ni la kweli; lakini si tabasamu lililomweka pale. Mpimaji anayeipa Unguja alama tisa kwa ukarimu na Stockholm alama nne kwa ubaridi, pasipo kujua, amezipanga nchi mbili kwa unafuu wa vibarua wake, na iliyo nafuu zaidi akaitunuku.

Isidhaniwe kwamba trei ya Stockholm ni haki tupu. Nyuma ya trei yupo mtu vile vile, ila amefichwa. Ndiye aliyepanda treni Spånga alfajiri, na mgeni hatauona uso wake. Na nchi inayomficha inaendelea kubishana iwapo inamtaka. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2023 mshahara unaotakiwa ili mtu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya apewe kibali cha kazi Sweden ulipandishwa kutoka krona 13,000 kwa mwezi hadi krona 27,360, yaani asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi, na kiwango hicho kimeendelea kupanda baadaye. Wapo waliosema kwamba hatua hiyo inazuia unyonyaji wa wageni. Wapo waliosema kwamba inawafungia mlango wasaidizi wa jikoni na wasafishaji ambao hoteli hizo hizo zinawategemea. Mjadala huo unaamua nani atakayepanda treni ya alfajiri miaka kumi ijayo, na kwa masharti gani. Unapita chini ya pua ya msafiri kila asubuhi anapojaza sahani yake. Habari yake, hata hivyo, haimo katika masimulizi yake, kwa kuwa kipimo chake kinaishia kwenye ukingo wa sahani.

Masimulizi hayo yalikuwa na mwanzo mwingine. Miongoni mwa habari za kwanza za safari ya Ulaya zilizoandikwa kwa Kiswahili ni ile ya Salim bin Abakari, iliyochapwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Salim alipita Urusi na Siberia mwaka 1896, naye hakupita akiwa mgeni wa heshima. Alikuwa mtumishi wa Mjerumani aliyeitwa Bumiller. Mtu huyo aliyefuata mizigo ya bwana wake ndiye aliyeyatazama mataifa ya watu, nyumba zao na desturi zao, akayaeleza kwa lugha ya mwambao. Uandishi wa safari wa Kiswahili basi ulizaliwa upande wa anayetumikia. Miaka zaidi ya mia moja baadaye mwandishi amehamia upande wa anayetumikiwa, jambo ambalo peke yake ni la kheri, kwani hakuna sababu ya Mswahili kusafiri daima akiwa amebeba begi la mwingine. La kusikitisha ni kwamba alipohama aliyaacha macho yake nyuma. Mtumishi wa mwaka 1896 aliona watu. Mgeni wa leo anaona yai.

Watasema wapimaji kwamba haya ni kuutwika mzigo mkubwa mno mchezo mdogo. Msafiri amechoka, amelipa, ana mkutano saa tatu. Je, asiruhusiwe kufurahia omleti yake bila kuhojiwa juu ya vyama vya wafanyakazi? Aruhusiwe. Afurahie, na akitaka aagize ya pili. Lakini anayekula ni mmoja, na anayeandika ni mwingine, hata wakiwa ndani ya ngozi moja. Mlaji hana deni ila la bili. Mwandishi anamdai msomaji imani, na kwa imani hiyo anamwambia msomaji wa Iringa au wa Bukavu, ambaye pengine hatapata kufika Stockholm maisha yake yote, kwamba mji ule uko hivi na watu wake wako hivi. Akimwambia kwa ushahidi wa trei moja ya mayai, amemdhulumu msomaji, amewadhulumu watu wa mji ule, na amemdhulumu pia yule mpishi wa Unguja, aliyegeuzwa kuwa pambo la ukarimu badala ya kuwa mtu mwenye mshahara, kodi ya nyumba na maoni yake juu ya wageni.

Wala dawa yake si ngumu. Mpishi aliyesimama nyuma ya kikaango anaweza kuulizwa zaidi ya “Weka pilipili hoho.” Anaweza kuulizwa anatoka kijiji gani, alianza kazi saa ngapi, na nyumbani kwake wanakaangaje mayai, na wapishi wengi, wakiulizwa kwa adabu na wakati foleni ni fupi, hujibu kwa furaha. Kule Stockholm, ambako mpishi haonekani, treni inaonekana. Inayowaleta wafanyakazi mjini alfajiri hurudi Spånga mchana, tena ina nafasi za kukaa. Tikiti yake ni bei ya kahawa. Msafiri aliyebakiwa na saa mbili kabla ya kwenda uwanja wa ndege anaweza kupanda, akashuka, akatembea mpaka Tensta, akaingia katika mkahawa wa kwanza wenye harufu ya kitunguu kinachokaangwa, akaketi, akasalimu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huo husemwa kwa kumtania mgeni, lakini una heshima ndani yake: anayepewa jembe ameacha kuwa mtu wa kuburudishwa na amekuwa mtu wa kujua shamba liko wapi na linalimwa na nani. Msafiri wa hoteli hafikishi siku ya tatu. Kabla jembe halijaletwa amekwisha kuondoka na alama zake kwenda mji mwingine, ambako saa kumi na moja alfajiri, kwenye stesheni asiyoijua jina, watu wengine wamekwisha kuamka kwa ajili yake.